Mashahidi Wengi, Chanzo Kimoja: Utafiti Kuhusu "Akili ya Mwafrika" Nchini Kenya na Suala la Kuaminika Kwake

1. Utangulizi

Katika maandishi ya wataalamu wa lugha na fasihi za Kiafrika hukutwa mara kwa mara kauli zinazotegemea saikolojia, yaani elimunafsi. Mwandishi wa fasihi simulizi hueleza kwamba jamii isiyotumia maandishi hufikiri kwa namna hii au ile. Mwandishi wa isimujamii husema kwamba wasemaji wa lugha fulani hawana mazoea ya kuyatazama mambo yasiyoshikika. Kauli kama hizi aghalabu hazitokani na uchunguzi wa mwandishi mwenyewe, bali zimeazimwa kwa taaluma nyingine. Kuazima si aibu, kwani hakuna taaluma inayojitosheleza. Lakini mwenye kuazima hupaswa kukijua chombo alichoazima kimetoka kwa nani na kimeundwa kwa nini, hasa akikusudia kumpa mwanafunzi wake akitumie.

Makala haya yanafuatilia mkusanyiko mmoja wa utafiti wa saikolojia uliofanywa nchini Kenya kati ya mwaka 1930 na 1959, utafiti uliodai kuieleza akili ya Mwafrika kwa jumla. Mkusanyiko huu umechaguliwa kwa sababu mbili. Kwanza, ulizaliwa Nairobi, katika hospitali na maabara zinazojulikana, na kwa hiyo chanzo chake chaweza kuchunguzwa. Pili, matawi yake yaliufikia uwanja wa lugha na fasihi, na baadhi yake yangali yakisomwa vyuoni.

Hoja inayotetewa hapa ni kwamba kuaminika kwa utafiti hakupimwi kwa wingi wa wanaoutaja wala kwa ukubwa wa jina la shirika lililouchapisha. Hupimwa penye chanzo: nani alihesabiwa, alihesabiwa dhidi ya nani, aliulizwa kwa lugha gani, na je, wanaoonekana kuwa mashahidi wengi waliona wenyewe au walisikia kwa shahidi mmoja. Methali husema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Katika maongezi ya watu methali hiyo ina hekima yake, lakini katika utafiti ni hatari kubwa.

2. Fuvu, ubongo na mtihani: miaka ya 1930

Hospitali ya Mathari ilianza mwaka 1910 ikiwa nyumba ya kuwafungia wenye wazimu mjini Nairobi, nayo ikapewa jina la Mathari mwaka 1924. Katika miaka ya 1930 daktari H. L. Gordon, aliyehudumu hospitalini hapo, alianza kupima vichwa vya Waafrika na kukadiria ukubwa wa bongo zao. Matokeo yake aliyaeleza mbele ya madaktari wenzake na katika majarida ya Uingereza mnamo mwaka 1934. Alidai kwamba ubongo wa Mwafrika ulikuwa mdogo kuliko wa Mzungu, na akatia shaka iwapo elimu ya Kizungu ingemfaa au ingemletea maradhi ya akili. Wakati huohuo, mwaka 1933, kilianzishwa mjini Nairobi chama cha kuchunguza uboreshaji wa mbari, naye Gordon akawa miongoni mwa viongozi wake. Kwa hiyo kipimo na haja ya mpimaji vilikwenda bega kwa bega tangu mwanzo.

Kazi iliyoonekana kuwa ya kisayansi zaidi ni ya F. W. Vint, mwanapatholojia wa maabara ya utafiti ya Nairobi, iliyochapishwa mwaka 1934 katika jarida la anatomia la Uingereza. Vint alichunguza bongo za Waafrika waliofia hospitalini. Alieleza kwamba wastani wa uzani wa ubongo wa mwanamume ulikuwa gramu 1,276, akaulinganisha na gramu 1,428 za Mzungu. Aidha alipima unene wa gamba la ubongo, na mwishoni akahitimisha kwamba ukuaji wa ubongo wa mwenyeji wa Kenya ulifikia kiwango cha mvulana wa Kizungu wa miaka 7 au 8.

Msomaji akiupima ushahidi huu kwa makini ataona kasoro zake bila kuhitaji kuwa daktari. Uzani wa ubongo hubadilika kwa kimo cha mtu, umri wake, maradhi yaliyomuua, lishe aliyoipata utotoni, na hata kwa namna ubongo ulivyohifadhiwa kabla ya kupimwa. Bongo za Waafrika zilitoka kwa wagonjwa maskini wa hospitali moja, ilhali kipimo cha Mzungu kilichukuliwa katika maandishi ya wengine, waliopima miili mingine, mahali pengine na kwa taratibu zao. Hapo hapakuwa na ulinganishaji halisi. Tena, hata kama tofauti ya gramu ingekuwa kweli, hakuna daraja linalomvusha mtafiti kutoka uzani wa ubongo hadi uwezo wa kufikiri. Hatua hiyo ya pili haikupimwa kabisa; ilidhaniwa tu.

Ni muhimu kukumbuka kwamba tahadhari haikukosekana zama hizo. R. A. C. Oliver, mwanasaikolojia wa elimu aliyefanya kazi Kenya kwa msaada wa shirika la Carnegie, alitunga mtihani wa akili kwa ajili ya Waafrika, uliotolewa mwaka 1932. Aliwalinganisha wanafunzi wa Kiafrika na wa Kizungu, na wastani wa Wazungu ukawa juu. Hata hivyo Oliver hakukubali kwamba tofauti hiyo ilithibitisha udhaifu wa kuzaliwa nao. Alitambua kwamba watoto waliolelewa, kulishwa na kusomeshwa katika hali zilizotofautiana mno hawawezi kupimwa kwa kipimo kimoja kisha matokeo yakahesabiwa kuwa ni ya damu. Kwa hiyo haifai kudai leo kwamba kina Gordon na Vint walikosa kwa sababu tu elimu ya wakati wao ilikuwa changa. Mwenzao, katika mji uleule na miaka ileile, aliziona kasoro hizo.

3. Hesabu ya Mathari

Baada ya Vita Vikuu vya Pili kipimo kilihama kutoka kwenye fuvu kikaingia wodini. J. C. Carothers, aliyefika Kenya mwaka 1929 akiwa daktari wa serikali, alikabidhiwa Mathari mwaka 1938. Alipokabidhiwa hakuwa na mafunzo maalumu ya tiba ya akili. Mafunzo mafupi aliyapata baadaye nchini Uingereza. Mwaka 1947 alichapisha uchunguzi wa Waafrika 558 waliolazwa Mathari kati ya mwaka 1939 na 1943. Uchunguzi huu ndio msingi wa karibu yote yaliyofuata, na kwa sababu hiyo unastahili kuangaliwa kwa utuvu.

Kwanza, Carothers alikadiria kwamba nchini Kenya Waafrika waliothibitishwa kuwa na wazimu walikuwa takriban 3.4 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka, ilhali Uingereza na Wales walikuwa 57. Pili, alieleza kwamba sonona, yaani huzuni kubwa iliyo maradhi, ilikuwa nadra sana miongoni mwa Waafrika. Kutokana na mambo haya mawili alijenga maelezo marefu kuhusu malezi, desturi na mtazamo wa Mwafrika juu ya maisha: kwamba Mwafrika huishi akiwa sehemu ya jamaa, hajibebeshi lawama mwenyewe, na kwa hiyo haelemewi na majuto yanayomwangusha Mzungu.

Hesabu yoyote ya kiwango ina pande mbili, kiasi kilicho juu na kiasi kilicho chini. Katika hesabu hii pande zote mbili zilikuwa na walakini. Kiasi cha juu kilikuwa idadi ya waliofikishwa Mathari, hospitali pekee ya wagonjwa wa akili nchini. Mgonjwa hakufika huko kwa sababu anaumwa tu. Alifika kwa sababu amevuruga amani, akakamatwa, akapelekwa mbele ya wakuu wa serikali na kuthibitishwa kisheria. Mwenye kupiga watu mawe sokoni alifika. Mwanamke aliyejifungia nyumbani kwa mwezi mzima, asile wala asiseme na mtu, hakuwa na sababu ya kufika. Alitunzwa na jamaa zake au akapelekwa kwa mganga. Ni dhahiri basi kwamba hesabu hii ingezidisha wazimu wa ghasia na kuficha ugonjwa wa kimya, na sonona ni ugonjwa wa kimya. Carothers mwenyewe hakukosa kuliona jambo hili, lakini aliliacha liwe tanbihi badala ya kuliacha libomoe hitimisho lake.

Kiasi cha chini, yaani idadi ya Waafrika wote nchini, nacho hakikujulikana. Sensa ya kwanza kamili ya Waafrika wa Kenya ilifanywa mwaka 1948, mwaka mmoja baada ya makala ya Carothers kutoka. Kabla ya hapo palikuwa na makadirio, mengi yakitegemea hesabu za walipa kodi. Mtu anapogawanya idadi ya waliokamatwa kwa idadi iliyokisiwa, kisha akaandika jawabu lenye desimali, desimali hiyo huupa utafiti sura ya uhakika ambao haumo.

Haki ya mtafiti pia yapasa kutunzwa. Carothers alieleza kwa uangalifu magonjwa ya akili yanayoletwa na maradhi ya mwili kama vile kaswende. Katika makala ya mwaka 1947 alitilia mkazo mazingira na malezi zaidi ya urithi, na katika hilo alitofautiana na Gordon. Lakini mwaka 1951 alirudi kwenye ubongo. Aliandika juu ya kazi ya sehemu ya mbele ya ubongo, akamfananisha Mwafrika wa kawaida na Mzungu aliyefanyiwa upasuaji wa kukata nyuzi za sehemu hiyo. Hapakuwa na bongo mpya zilizopimwa Mathari kuthibitisha mfano huo. Kilichokuwapo ni mfanano wa tabia, kama alivyouona daktari mmoja.

4. Kutoka wodini hadi serikalini

Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha mjini Geneva kitabu cha Carothers kiitwacho The African Mind in Health and Disease. Jina la kitabu linazungumzia Mwafrika, si wagonjwa wa Mathari. Mwandishi alikusanya humo maandishi ya watu wengi kutoka pande mbalimbali za bara: vipimo vya Vint, taarifa za B. J. F. Laubscher kutoka hospitali ya Afrika Kusini (1937), uchunguzi wa Geoffrey Tooth kutoka Gold Coast (1950), na makala yake mwenyewe. Msomaji wa haraka huona umati wa mashahidi. Msomaji wa makini huona kwamba wengi wao walisimama mahali pamoja, yaani kwenye lango la hospitali ya serikali ya kikoloni, wakiwahesabu wale walioingizwa. Kosa lililo katika hesabu ya kwanza lilijirudia katika ya pili na ya tatu. Mapatano yao basi hayathibitishi kwamba waliyosema ni kweli; yanathibitisha kwamba walitumia mlango mmoja.

Mwaka uliofuata utafiti huu uliingia katika jambo la uhai na mauti. Kenya ilikuwa katika Hali ya Hatari iliyotangazwa Oktoba 1952, na serikali ilimwita Carothers atoke Uingereza aje aueleze upinzani wa Mau Mau. Kijitabu chake, The Psychology of Mau Mau, kilitolewa na mpiga chapa wa serikali mjini Nairobi mwaka 1954. Kwa mujibu wake, kiini cha mapambano kilikuwa kuvurugika kwa nafsi za Wakikuyu waliong'olewa katika desturi zao bila kupata mpya za kuwashikiza. Malalamiko ya ardhi, kipande na mishahara hayakukanwa, lakini yaliwekwa kando ya maelezo ya kitabibu. Hivyo madai ya kisiasa yakasomwa kama dalili za ugonjwa, na watu kukusanywa katika vijiji kukapata hoja ya kitaalamu.

Frantz Fanon, aliyekuwa tabibu wa akili huko Blida nchini Algeria, alimtaja Carothers kwa jina mwaka 1961 katika kitabu kilichotafsiriwa kwa Kiswahili kwa jina Viumbe Waliolaaniwa na kuchapishwa Dar es Salaam mwaka 1978. Alimweka pamoja na Antoine Porot na wafuasi wake wa Algiers, waliomweleza Mwarabu wa Algeria kama Carothers alivyomweleza Mkikuyu. Fanon alionyesha waziwazi utafiti huu ulimtumikia nani. Hata hivyo yapo mambo mawili yasiyopaswa kuchanganywa. Shahidi mwenye chuki huenda akasema kweli, na shahidi mwema huenda akakosea. Kumjua mlipaji wa mtafiti ni sababu ya kuichunguza kazi yake kwa ukali zaidi. Si badala ya kuichunguza. Hesabu ya Mathari ingekuwa na kasoro zilezile hata kama ingefanywa na mpigania uhuru.

5. Suala la lugha

Kwa wataalamu wa lugha, kasoro iliyo kubwa kuliko zote ni ile iliyotajwa kwa uchache na wachambuzi wa kwanza. Sonona haionekani kwa darubini. Daktari huijua kwa maneno ya mgonjwa na kwa mwenendo wake. Basi swali la kwanza linalopasa kuulizwa kuhusu taarifa kwamba sonona ni nadra katika jamii fulani ni hili: mgonjwa aliulizwa kwa lugha gani, kwa maneno gani, na majibu yake yalifasiriwa na nani?

Chukua Kiswahili peke yake. Msemaji wake ana huzuni, majonzi, simanzi, jitimai, ghamu na kihoro, na kila neno lina mahali pake. Kihoro humpata mtu kwa msiba au kwa hasara ya ghafla. Jitimai hukaa zaidi katika ushairi. Majonzi huambatana na kuondokewa. Msemaji ana kitenzi kusononeka, ambacho katika miongo ya karibuni kimewapa madaktari istilahi sonona. Lakini mgonjwa wa kawaida hatumii maneno haya anapoeleza hali yake. Husema ana mawazo mengi, anafikiri sana, moyo wake ni mzito, roho inamuuma, usingizi umekatika, mwili hauna nguvu. Mfasiri asiyejua anachotafuta atamwambia daktari kwamba mtu huyu analalamikia moyo na uchovu. Daktari atampima moyo, ataukuta mzima, na katika daftari hapataandikwa sonona.

Kosa hilo huwa na sura ya pili. Mtafiti akilikosa neno moja linalolingana na istilahi ya lugha yake, hudhani kwamba hata jambo lenyewe halipo. Hapo huchanganya orodha ya maneno na orodha ya maumivu. Wanaisimu wanajua kwamba lugha kukosa neno moja kwa jambo hakumaanishi kwamba wasemaji hawalijui jambo hilo. Wanaweza kulieleza kwa kishazi, kwa sitiari au kwa sehemu zake. Kiswahili chenyewe kilikuwa kikieleza hali hii kwa vishazi kabla ya kulipa neno sonona maana yake ya kitabibu, na hakuna anayeweza kusema kwamba ugonjwa uliwasili pamoja na istilahi.

6. Wachunguzi waliofuata

Hoja hizi hazikubaki kuwa nadharia. Watafiti waliokuja baadaye walibadilisha mlango wa kuingilia, na picha ikabadilika. M. J. Field alikaa kwenye mahekalu ya waganga wa Ghana vijijini badala ya kukaa hospitalini. Katika kitabu chake cha mwaka 1960 alieleza kwamba sonona ilikuwa ya kawaida sana, hususan kwa wanawake waliokuja wakijishtaki wenyewe kuwa ni wachawi. Hapa ile lawama ya nafsi ambayo Carothers alisema Mwafrika hanayo ilionekana waziwazi, ikiwa imevaa lugha ya uchawi.

Nchini Nigeria, T. Adeoye Lambo wa hospitali ya Aro, Abeokuta, alishirikiana na Alexander Leighton na wenzao kuwachunguza Wayoruba katika vijiji na mjini. Matokeo yalitoka mwaka 1963. Waliona kwamba watu walizijua dalili za sonona moja moja, ingawa neno moja la kuzikusanya halikujitokeza. Mwaka 1967 Raymond Prince aliuliza iwapo ongezeko la taarifa za sonona barani Afrika lilitokana na ugonjwa kuongezeka au mitindo ya madaktari kubadilika.

Afrika ya Mashariki nayo ilitoa ushahidi wake. John Orley na J. K. Wing, katika utafiti wa vijiji viwili vya Uganda uliochapishwa mwaka 1979, walitumia mahojiano yenye utaratibu maalumu yaliyotafsiriwa kwa Kiganda. Waliwafuata watu majumbani, kisha wakawalinganisha na wanawake wa kusini mashariki mwa London waliohojiwa kwa utaratibu uleule. Sonona ilionekana zaidi katika vijiji vya Uganda kuliko London. Mwaka huohuo D. M. Ndetei na J. Muhangi waliwachunguza wagonjwa waliokuja kutibiwa maradhi ya kawaida katika kliniki moja ya mashambani nchini Kenya, wakakuta takriban mmoja katika watano ana tatizo la akili, hasa wasiwasi na sonona.

Kwa mpimaji wa utafiti, la kuzingatia hapa si kwamba wapya walikuwa Waafrika au marafiki wa Waafrika. La kuzingatia ni kwamba walirekebisha kasoro zinazoweza kutajwa: waliwatafuta wasiofika hospitalini, waliuliza kwa lugha ya wahusika, na walilinganisha vitu vilivyopimwa kwa kipimo kimoja. Kazi zao pia zina mipaka. Vijiji viwili si Uganda nzima, na kliniki moja si Kenya. Tofauti ni kwamba watafiti hao walitaja walipochunguza, wala hawakuandika juu ya jalada kwamba wameieleza akili ya bara.

7. Mlango wa taaluma ya lugha

Yangeishia hapo, historia hii ingewahusu madaktari peke yao. Lakini mwaka 1959 Carothers, akiwa ameshaondoka Kenya, alichapisha katika jarida la tiba ya akili la Marekani makala kuhusu utamaduni, maradhi ya akili na neno lililoandikwa. Alidai kwamba Mwafrika wa mashambani huishi zaidi katika ulimwengu wa sauti, ilhali Mzungu huishi katika ulimwengu wa macho, na kwamba maandishi ndiyo yaliyomwezesha Mzungu kulitenga wazo na tendo. Makala hayo hayakuleta uchunguzi mpya wa wasomao na wasiosoma. Yaliyachukua maelezo ya zamani kuhusu Mwafrika yakayapa sababu mpya: zamani ilikuwa ubongo, kisha malezi, sasa herufi.

Marshall McLuhan aliyachukua makala hayo akayatumia kwa mapana katika The Gutenberg Galaxy, mwaka 1962. Walter Ong, aliyewahi kuwa mwanafunzi wa McLuhan, aliyataja katika Orality and Literacy, mwaka 1982, hasa pale anapoeleza jinsi mifadhaiko ya akili inavyojitokeza kwa nje, kwa vitendo vya ghasia, katika jamii zisizo na maandishi. Kitabu hicho cha Ong kimesomwa sana na wanafunzi wa fasihi simulizi. Hivyo mwanafunzi wa fasihi anaweza kukutana na mgonjwa wa Mathari wa mwaka 1940, aliyekamatwa kwa sababu alifanya ghasia, akiwa amegeuzwa kuwa mfano wa namna wanavyougua wote wasiosoma. Jina la hospitali halipo tena, hesabu haipo, askari aliyemleta hayupo. Limebaki fundisho.

Si haki kusema kwamba kitabu cha Ong kinasimama juu ya nguzo hii peke yake. Kinategemea pia uchunguzi wa tenzi za Yugoslavia uliofanywa na Milman Parry na Albert Lord, kazi ya Eric Havelock kuhusu Wayunani, na mahojiano ya A. R. Luria huko Uzbekistan mwaka 1931 na 1932. Kila nguzo yapasa kupimwa peke yake. Ile ya Parry na Lord inahusu ufundi wa kutunga papo kwa hapo, na ushahidi wake ni tenzi zenyewe zilizorekodiwa. Haianguki kwa sababu ya kuanguka kwa hesabu ya Mathari. Kuaminika ni jambo la kauli moja moja, wala si la kitabu kizima kukubaliwa au kutupwa.

Dai lenyewe kwamba herufi hubadilisha akili lilipata kipimo kizuri zaidi kwa Wavai wa Liberia. Sylvia Scribner na Michael Cole walichapisha mwaka 1981 uchunguzi wao wa watu hao, ambao wana hati yao wenyewe inayofunzwa nyumbani, wana Kiarabu cha Kurani, na wana Kiingereza cha shuleni. Kwa hiyo iliwezekana kuutenga usomaji na shule. Ilidhihirika kwamba kujua kusoma na kuandika Kivai hakukuleta yale mageuzi makubwa ya fikira yaliyotarajiwa. Uwezo wa kueleza hoja katika mitihani ya mantiki ulifuatana na shule, na kila aina ya usomaji ilileta ustadi wake mahususi.

Matokeo hayo yana uzito kwa Waswahili. Pwani ya Afrika ya Mashariki imekuwa na maandishi ya Kiswahili kwa hati ya Kiarabu kwa karne kadhaa. Utendi wa Tambuka hutajwa kuwa uliandikwa Pate mwaka 1728. Mshairi alitunga, mwandishi akanakili, na hadhira ikasikiliza utendi ukiimbwa. Jamii ya namna hii haiingii katika kapu la sauti wala katika kapu la macho. Nadharia inayolazimika kuisahau pwani nzima ili isimame haikupimwa vya kutosha katika Afrika inayodai kuieleza.

8. Hitimisho

Wanazuoni wa pwani walikuwa na mbinu ya kupima habari muda mrefu kabla ya Mathari kujengwa. Mwenye kuipokea hadithi ya Mtume alitakiwa ataje isnadi yake: fulani kapokea kwa fulani, na fulani kwa fulani. Habari iliyofika kwa njia kumi, zote zikipitia kwa mpokezi mmoja aliye dhaifu, haikuhesabiwa kuwa na nguvu ya kumi. Wahariri wa tenzi nao hufanya vivyo hivyo: nakala tano zilizonakiliwa kwenye mswada mmoja ni shahidi mmoja, na kosa la mswada huo litarudi mara tano. Mbinu hii ndiyo inayofaa kwa mtaalamu wa lugha anapoletewa kauli ya saikolojia. Hahitaji kugeuka daktari. Anahitaji kuifuata isnadi mpaka mwisho wake, akaulize waliohesabiwa walikuwa nani na waliulizwa nini kwa lugha gani.

Haja ya mbinu hii haikupita pamoja na ukoloni. Mwaka 2015 kundi kubwa la watafiti lililoongozwa na Brian Nosek lilitoa matokeo ya kurudia tafiti 100 za saikolojia zilizochapishwa katika majarida matatu yenye heshima. Tafiti za awali zilizotoa matokeo yenye uzito wa kitakwimu zilikuwa asilimia 97. Zilizoyapata tena ziliporudiwa zilikuwa asilimia 36. Hizo hazikufanywa na maofisa wa kikoloni, wala hazikufanywa Afrika. Yafuatayo basi ni wajibu wa kila siku: kutoichukua kauli kwa sababu imetajwa sana, na kutoikataa kwa sababu haipendezi.

Idara za lugha za Kiafrika zina sehemu yao maalumu katika kazi hiyo. Utafiti wa nafsi hufanywa kwa maneno, na maneno hayo, katika Afrika ya Mashariki, ni ya Kiswahili, Kikuyu, Kidholuo, Kiganda na mengineyo. Hojaji inapotafsiriwa vibaya, hakuna takwimu itakayoiponya. Kuchunguza jinsi wasemaji wanavyoyataja maumivu yao, na kuyaandaa maswali watakayoyaelewa, ni kazi ya mwanaisimu sawa na ilivyo ya tabibu. Kazi hiyo ingefanywa mwaka 1939, mtu aliyesema Mathari kwamba moyo wake ni mzito huenda angehesabiwa.